Kuni, Karabai na Mtungi: Nishati na Imani ya Watu katika Mwambao wa Ilemela

Mwambao wa Ilemela, mkoani Mwanza, kuanzia Kirumba na Pasiansi hadi Igombe, Sangabuye na Kayenze, umetumia karibu kila aina ya nishati iliyowahi kufika Afrika Mashariki. Mbili tu hazijaingia majumbani mwake: gesi asilia ya bombani na nguvu za nyuklia. Ya kwanza inachimbwa Lindi na Mtwara, pwani ya Bahari ya Hindi. Ya pili haijazalisha umeme popote katika ukanda huu, ingawa Kenya imekusudia kujenga kinu kando ya Ziwa Victoria hilihili. Watu wa mwambao huu wamekuwa wakipokea nishati mpya kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila mara swali lao kubwa limekuwa nani atawajibika mambo yakiharibika. Swali hilo lina uzito zaidi sasa kuliko wakati wowote uliopita.

Mwanza ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1892 kama kituo cha utawala, na reli kutoka Tabora ikaifikia mwaka 1928. Sehemu kubwa ya Ilemela ilibaki vijiji vya Wasukuma na kambi za wavuvi kwa muda mrefu baada ya hapo. Manispaa ya Ilemela yenyewe ilizaliwa mwaka 2012, Jiji la Mwanza lilipogawanywa. Nishati ya vijiji hivyo ilikuwa kuni, na kuni zilianza kuadimika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Usukuma ni nchi ya mawe, nyasi na ng'ombe. Serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka vingi ili kuwafukuza mbung'o, na kilimo cha pamba kilipopanuka baada ya Vita Kuu ya Pili kikameza sehemu ya miti iliyosalia. Familia zikalazimika kupikia mabua ya pamba yaliyong'olewa baada ya mavuno, na pengine mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa juani.

Moto huo ulikuwa na hatari zake. Watoto waliungua kwenye mafiga, akina mama walivuta moshi miaka yote ya maisha yao, na waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa waliuawa na kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Serikali ya Tanzania inakadiria kwamba moshi wa kupikia unachangia vifo vya watu wapatao 33,000 kila mwaka nchini. Hata hivyo, hakuna maandamano yaliyowahi kufanywa dhidi ya kuni. Zilikuwa za kila mtu, hazikuwa na mwenye kampuni wala waziri, na aliyekufa kwa kifua alihesabiwa kuwa amekufa kwa kifua tu.

Samaki nao walichangia kumaliza miti. Sangara, aliyepandikizwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950, alienea hadi maji ya Mwanza na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala ziwa zima. Furu na dagaa hukaushwa kwa jua. Sangara ana mafuta mengi, kwa hiyo ni lazima abanikwe kwa moshi au akaangwe, na kazi hiyo ilikula kuni nyingi katika mialo yote. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, sangara wazima walianza kuchukuliwa kwa barafu, na wanawake wa mialoni wakabaki na mapanki, yaani vichwa na miiba iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Mapanki nayo yalikaangwa kwa kuni na mkaa.

Mafuta ya taa yalikuwa nishati ya kwanza ya kununuliwa kuenea mwambaoni. Yaliuzwa kwa madebe, na madebe matupu yakatumika kuteka maji na kupimia nafaka. Nyumbani yaliwasha kibatari na chemli. Ziwani yaliwasha karabai, na karabai ndiyo iliyojenga biashara ya dagaa ambayo leo inalifanya soko la Mwaloni, Kirumba, kupokea wanunuzi kutoka Kongo, Burundi na kwingineko.

Dagaa wa Ziwa Victoria hufuata mwanga. Wavuvi hutoka usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa hupumzika. Kila taa hufungwa juu ya chelezo cha mbao, taa kadhaa zikaachwa zielee kwa mstari, na dagaa wakishakusanyika chini yake mtumbwi huvuta taa moja moja taratibu kabla ya wavu kuzungushwa. Kuiwasha karabai si kazi ya haraka. Tangi hujazwa mafuta ya taa, kikombe kidogo chini ya bomba hutiwa spiriti na kuwashwa ili bomba lipate joto, kisha pampu husukumwa mpaka mafuta yapande yakiwa mvuke. Mvuke huo huungua ndani ya kifuko chepesi cha kitambaa kilichofungwa kwenye mdomo wa bomba. Kifuko kipya kikiwashwa mara ya kwanza kitambaa chote huteketea, na kinachobaki ni ganda jeupe la majivu magumu linalong'aa kwa joto. Ganda hilo ni jepesi kuvunjika. Wimbi moja likiitikisa taa, usiku wa kazi umeharibika, ila mvuvi awe na kifuko cha akiba mfukoni.

Hatari za karabai zilijulikana na kila nahodha. Tangi lililopampiwa kupita kiasi lingeweza kulipuka, na mafuta yaliyochanganywa na petroli, jambo lililotokea mara nyingi kwenye maduka yasiyokaguliwa, yaliunguza watu mikono na nyuso. Hatari nyingine haikujulikana kabisa. Kifuko hicho kilibuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwishoni mwa karne ya 19, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 watengenezaji duniani waliloweka kitambaa chake katika chumvi za thoriamu, kwa kuwa madini hayo huwaka kwa mwanga mweupe mkali. Thoriamu ni metali yenye mionzi, jamaa wa karibu wa urani. Kiasi chake katika taa moja ni kidogo na hakikumtia mvuvi katika hatari kubwa, isipokuwa alipovuta vumbi la ganda lililovunjika. Baadaye watengenezaji wengi waliacha thoriamu wakahamia itriamu, isiyo na mionzi. Ni jambo la kutafakari kwamba taa ya kawaida kabisa ya uvuvi, ile iliyosomesha watoto na kujenga nyumba za bati Kayenze, iliwahi kubeba madini ya mionzi bila yeyote kuambiwa.

Kilichoiondoa karabai ziwani kilikuwa gharama. Wafanyabiashara waliokuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli, kwa sababu mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo, waliifanya serikali ipandishe ushuru wake katika bajeti ya mwaka 2011/12 kutoka shilingi 52 kwa lita hadi takriban 400. Shabaha ilikuwa wachakachuaji. Waliolipa ni pamoja na wavuvi na kila nyumba iliyosomea kwa kibatari. Katika miaka iliyofuata taa ndogo za umeme, zinazotumia betri na kuchajiwa kwa jua, zilichukua nafasi ya karabai mtumbwi baada ya mtumbwi. Hakuna aliyefanya kampeni kubwa. Mvuvi mmoja alizinunua, jirani akamwona anarudi na dagaa walewale bila kununua mafuta, naye akanunua.

Umeme wa waya una historia ndefu zaidi na yenye maumivu zaidi. Kwa miongo mingi Mwanza ilitegemea mitambo ya dizeli. Gridi ya Taifa iliufikia mji mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Iringa kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, ikileta umeme wa maji wa Kidatu na Mtera. Mwanza ikawa mwisho wa waya mrefu. Mvua zikikosekana katika bonde la Rufiji, yaliko mabwawa hayo, giza lilifika hadi Kitangiri na Nyamanoro, na waliokaa mita chache kutoka ziwa kubwa kuliko yote Afrika waliambiwa umeme umekatika kwa kukosa maji. Ukame wa mwaka 2006 na ule wa mwaka 2011 ulileta mgawo mkali. Viwanda vya samaki viliwasha jenereta ili barafu isiyeyuke, na mafundi wa kuchomelea walikaa bila kazi. Mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, uliotiwa saini mwaka 2006 katika shida hiyohiyo, uliishia kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008. Tangu hapo, kwa wananchi wengi, swali la iwapo mtambo ni salama halitengani na swali la nani amekula nini katika mkataba wake.

Jibu la serikali kwa Mwanza lilikuwa kituo cha Nyakato, ndani ya Ilemela, chenye uwezo wa megawati zipatazo 60, kilichokamilika mwaka 2013. Kinatumia mafuta mazito, yanayoagizwa kutoka nje na kusafirishwa kutoka pwani. Umeme wake ni ghali. Wakati huohuo gesi asilia ilikuwa tayari inafika Ilemela kwa njia ambayo watu wachache waliitambua. Gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kuzalisha umeme Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004, na bomba la Mtwara lilipokamilika mwaka 2015 mitambo ya Kinyerezi ikaongezwa. Umeme huo unaingia katika gridi, na gridi inafika Buswelu. Friji ya duka la Kiseke imekuwa ikigandisha kwa gesi ya baharini miaka mingi sasa, na mwenye duka hana sababu ya kuliona bomba wala kuliogopa.

Gesi anayoijua mkazi wa Ilemela ni ya mtungi, nayo ni kitu tofauti. Gesi asilia ni methani kwa sehemu kubwa, nyepesi kuliko hewa, na ikivuja hupanda juu na kutawanyika. Gesi ya mtungi ni propani na butani, huingizwa nchini kwa meli kupitia Dar es Salaam na Tanga, kisha husafirishwa kwa malori hadi kanda ya ziwa. Ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye pembe na mashimo, ikingoja cheche. Kwa asili haina harufu; ile harufu kali inayowakera watu huongezwa makusudi ili uvujaji ujulikane mapema. Elimu hii ndogo ingeokoa maisha mengi kuliko mabango yote ya uhamasishaji, na inasikitisha kwamba mara nyingi haimfikii mnunuzi.

Mtungi ulipoanza kuonekana katika nyumba za kupanga za Mwanza ulipokewa kwa hofu. Wenye nyumba wengine waliukataza. Akina mama waliuita bomu, wakauweka nje ya mlango usiku, na wakaendelea kupikia maharage kwenye mkaa. Hofu hiyo haikuwa ujinga. Afrika Mashariki imeona moto wa gesi na mafuta: Februari 2024 kituo kisicho na kibali cha kujazia gesi kililipuka Embakasi, Nairobi, kikaua watu na kujeruhi mamia, na Agosti 2019 lori la petroli liliungua Msamvu, Morogoro, na kuua zaidi ya watu 100 waliokusanyika kuchota mafuta yaliyomwagika. Kwa watu wa Mwanza yupo pia mwalimu mwingine mchungu, ambaye si wa nishati. Meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imejaza abiria kupita uwezo wake. Waokoaji walipotoboa ubavu wa meli ili kuwatoa walionaswa ndani, hewa iliyokuwa ikiiwezesha kuelea ilitoka, nayo meli ikazama. Mamia ya watu walikufa. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Mwambao uliozika watu hivyo mara mbili una haki ya kutomwamini afisa anayesema kwamba kila kitu kimekaguliwa.

Hata hivyo mtungi ulikubalika, na namna ulivyokubalika inafaa kutazamwa kwa karibu. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, iliyoanza kazi mwaka 2006, iliwataka wauzaji kuwa na mizani na kuuza mitungi yenye lakiri. Mteja anayejua haki yake huangalia lakiri kwanza, kisha hudai mtungi uwekwe kwenye mizani: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chenyewe, na tofauti inapaswa kuwa kilo 6 au 15 za gesi. Muuzaji yupo mtaani, anajulikana kwa jina, na mtungi ukivuja anaitwa yeye. Bodaboda anayeuleta huufunga jikoni, hupaka povu la sabuni kwenye kiungo cha vali, na mapovu yakivimba hukaza tena. Jirani anaona. Mtungi mdogo wa kilo 6, ambao jiko lake hufungwa juu yake moja kwa moja, ulipunguza pia bei ya kujaribu. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania kufikia mwaka 2034, na Wakala wa Nishati Vijijini ukasambaza mitungi ya ruzuku. Ruzuku hiyo ilikuta njia imekwisha kufunguliwa na wauzaji wadogo. Mkaa haujaondoka: nyumba nyingi bado zina vyote viwili, gesi kwa chai na mkaa kwa makande, kwa sababu mtungi huisha katikati ya mwezi na gunia la mkaa hununuliwa hata kwa kopo.

Imani katika gesi haikuwa juu ya milipuko pekee. Mtwara, Desemba 2012 na tena Januari na Mei 2013, watu waliandamana na ghasia zikazuka kupinga gesi yao kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Walichohoji ni faida itabaki kwa nani. Serikali ilieleza faida za kitaifa, lakini maelezo yalikuja baada ya uamuzi, na watu wakawa wamekwisha kuhitimisha kwamba hawakuhesabiwa.

Nyuklia ilifika mwambaoni kwa njia ya karatasi. Baada ya mlipuko wa kinu cha Chernobyl, tarehe 26 Aprili 1986, nchi nyingi zilianza kupima mionzi katika vyakula vinavyovuka mipaka. Tanzania ilikuwa imetunga sheria ya kinga ya mionzi mwaka 1983, na kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Tume hiyo hupima vyakula vinavyoingia na kutoka nchini, samaki wakiwemo, na kutoa vyeti. Kwa hiyo ajali iliyotokea Ukraine ilileta cheti kipya katika biashara ya chakula ya nchi isiyo na hata kinu kimoja cha umeme wa nyuklia. Mionzi inayotibu ilikuja baadaye: Hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, ilianza tiba ya saratani kwa mionzi katika muongo wa 2010, na wagonjwa wa kanda ya ziwa wakapunguziwa safari ya hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Huko Namtumbo, mkoani Ruvuma, uzinduzi wa mtambo wa majaribio wa kuchakata urani wa Mto Mkuju ulifanywa na Rais Samia Suluhu Hassan Julai 2025.

Kinu chenyewe kinapangwa upande wa Kenya. Wakala wa nyuklia wa nchi hiyo ulichagua kwanza Uyombo, Kilifi, karibu na msitu wa Arabuko Sokoke na bahari ya Watamu. Wakazi walipinga kwa miaka, na mwaka 2024 maandamano yao yalikabiliwa na polisi. Kisha mpango ukageukia kaunti ya Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Kinu kinahitaji maji mengi ya kupozea, na Siaya inayo. Wanaoutetea mpango huu wana hoja nzito: kwa kiasi kilekile cha umeme, nyuklia imeua watu wachache mno duniani kuliko makaa ya mawe, mafuta au hata gesi, hata ukihesabu Chernobyl na Fukushima ya mwaka 2011, na haitoi moshi. Kinu cha Koeberg, Afrika Kusini, kimefanya kazi tangu mwaka 1984. Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kubezwa.

Ila hesabu ya vifo haimjibu mvuvi wa Igombe. Mtungi ukivuja, anamjua muuzaji. Kinu cha Siaya kikipata hitilafu, msimamizi wake atakuwa Nairobi, na maji ni haya haya: Mwanza inakunywa maji ya ziwa, na tangu mwaka 2009 maji hayo yanavutwa kwa bomba kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama. Tetesi tu ya mionzi, hata isiyo na ukweli, inaweza kusimamisha soko la sangara na dagaa kwa miezi. Mwambao huu unakumbuka jinsi Ulaya ilivyofunga milango kwa samaki wa Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu za kiafya, na jinsi viwanda na wavuvi walivyoumia kwa pamoja.

Chombo cha kudai majibu kipo. Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyotiwa saini na Tanzania, Kenya na Uganda tarehe 29 Novemba 2003, inazitaka nchi hizo kupeana taarifa mapema kuhusu miradi inayoweza kuathiri bonde na kutathmini athari zake, na Kamisheni ya Bonde hilo ina ofisi zake Kisumu, jirani kabisa na Siaya. Madiwani wa Ilemela, wabunge wa mkoa wa Mwanza na vikundi vya usimamizi wa mialo waidai taarifa hiyo kwa Kiswahili sasa, kabla msingi haujachimbwa: maji ya kupozea yatarudishwa wapi, nani atayapima, matokeo yatabandikwa katika mialo ipi, na nani atamlipa mvuvi siku soko likifungwa.